Kikombe cha Fundi Barafu

Saa saba mchana, fundi wa mafriji anaonekana nusu tu, na ni nusu ya chini. Nusu ya juu imeingia nyuma ya friji ya zahanati pamoja na tochi, bisibisi na upara wake. Sauti inayotoka huko ni ya mtu anayehubiri akiwa ndani ya kisima.

"Sista, hii kompresa haina kosa, imechoka tu. Hata wewe ungesimama wima miaka yote hiyo ungeanza kunguruma."

Muuguzi mkuu wa zahanati, anayeitwa Sista na kila mtu hadi na watu wanaomzidi umri, hana muda wa mzaha. Amesimama mlangoni, kasha la kubebea chanjo likining'inia begani, kofia ya pikipiki mkononi. Tangu friji hii ilipozima, chanjo zake zimelala ugenini katika friji ya kituo kingine, na wenyeji wameshaanza kuulizia nafasi yao. Kesho ni siku ya watoto. Akina mama watakuja na watoto mgongoni, wengine kwa miguu kutoka mbali, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba friji iliwahi kuzima.

Sista anauliza jambo moja tu: itakuwa leo, au aendelee kuombaomba?

"Nenda kawalete wageni wako," kisima kinajibu. "Ukirudi utaikuta baridi imekaa inakusubiri."

Huyo ndiye Barafu. Jina la kuzaliwa analo, ila limebaki kwenye kitambulisho, mahali ambapo halimsumbui mtu. Hata mama mkwe wake, ambaye kwa adabu za ukwe angemwita baba wa fulani, humwita Barafu, hasa akiwa ameudhika, na mama huyo hana haraka ya kuacha kuudhika.

Alianza kazi akiwa kijana wa kubeba magogo ya barafu kwenda kwa wauza samaki. Magogo yaliyeyukia mgongoni, naye alirudi nyumbani kila siku akiwa na suruali ya mtoto aliyekojoa kitandani. Watu walicheka. Aliamua kwamba kama baridi ndiyo riziki yake, basi ataitengeneza badala ya kuibeba. Alijifunza kwa kukodolea macho mafundi wengine mpaka wakamfukuza, kisha akaenda kukodolea wengine.

Kipato chake hufuata jua. Likiwaka, simu hailali. Mvua ikinyesha wiki nzima, mafriji ya mtaa yote hupona kwa miujiza, na mkewe huanza kumuuliza kama hakuna kitu kingine anachojua kutengeneza, kwa mfano paa.

Katika miaka hiyo yote, Kiingereza cha kazi yake kimekuwa neno moja. Limeandikwa kuzunguka kitufe cha joto cha karibu kila friji aliyowahi kuifungua: "cold", halafu "colder", halafu "coldest". Ni neno lilelile likipandishwa cheo, kama mwanafunzi aliyeanza kuwa kiranja wa meza, akawa kiranja wa bweni, akamalizia kiranja mkuu, bila kubadilika tabia hata kidogo.

Watu wengi huona vyeo hivyo vitatu wakaridhika. Barafu amekuwa na msimamo wake. "Ya kwanza wameiweka kwa ajili ya waoga," anasema. "Ya pili ni ya watu wanaoogopa kuitwa waoga. Ya tatu ndiyo baridi."

Na wateja wake wamempenda kwa hilo, ingawa hakuna wawili wanaotaka kitu kimoja wanaposema baridi. Mama wa soda anataka baridi inayomkunja mteja uso. Muuza nyama anataka nyama ikaze ila kisu kipite. Mwenye duka la maua anataka baridi inayosimama kando na kuangalia, bila kugusa. Mama mkwe anataka maji ya kunywa yasiyo na baridi kabisa lakini yawe yametoka ndani ya friji, na hapo hata Barafu hunyoosha mikono juu.

Wote hao aliwazungushia kitufe mpaka mwisho. Waliotaka pungufu walijirudishia wenyewe baadaye, na waliotaka zaidi walimsifu mtaa mzima.

Sifa hizo zilikuwa na muhuri wake: kikombe. Kila anapomaliza kutengeneza friji, Barafu hujaza maji kikombe cha plastiki cha kijani, hukisukuma ndani mpaka kiguse ukuta wa nyuma, kisha huondoka kwenda kwa mteja mwingine. Mwenye friji huambiwa maneno yaleyale: "Yakiganda, nipigie." Simu ikilia na mtu akasema maji yameshika ngozi ya barafu, Barafu hujibu, "Basi kazi imekwisha," na hurudi siku nyingine kuchukua kikombe na chochote alichoandaliwa.

Ni kama mwanajeshi na saluti. Mkono hupanda wenyewe, kichwa hakiulizwi.

Mchana huu mkono unapanda. Kompresa imeamka na inanguruma kwa adabu. Sista ameshaondoka. Barafu anatoka kisimani, anajifuta jasho, anazungusha kitufe mpaka kinapogoma, anajaza kikombe na kukisukuma nyuma kabisa. Kisha anamgeukia mhudumu wa usafi, mwanamke mwenye fagio refu na msimamo mrefu kuliko fagio.

"Yakiganda, nipigie."

Asubuhi hiyohiyo Sista alikuwa amemweleza kwamba friji ya chanjo si friji ya soda. Ikipata joto dawa zinaharibika, na ikigandisha, zipo zinazoharibika vilevile, tena hizo haziponi. Alimwambia na nyuzijoto zenyewe, chini isipite wapi na juu isipite wapi. Barafu aliitikia kila neno, kama wanavyoitikia waume wanaotumwa chumvi wakarudi na sukari.

"Nilisikia," anasema kila anaposimulia siku ile, akijitazama viganja. "Masikio yalisikia. Mikono haikuambiwa."

Jua linaanza kulegea, naye yupo dukani kwa mama wa soda, amepiga magoti mbele ya freeza lililofunguliwa kifua. Mama wa soda amesimama juu yake akitoa malalamiko. Chupa zake, anasema, siku hizi zinatoka jasho tu, hazitetemeki. Mteja ananywa nusu chupa huku anaendelea kuongea, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika duka hili.

Simu inalia. Ni mhudumu wa zahanati, na sauti yake ina furaha ya mtu aliyekabidhiwa kazi akaiweza.

"Fundi, yameganda. Ngozi nzima. Nikigonga kwa ukucha inalia."

Barafu anacheka, anamwinulia mama wa soda kidole gumba, na anasema alichosema maisha yake yote: "Basi kazi imekwisha."

"Na zile dawa nimeshazipanga," mhudumu anaendelea. "Nimezianzia kule nyuma, pembeni ya kikombe chako, penye baridi nzuri."

Kidole gumba kinabaki hewani. 

Anamuuliza Sista yuko wapi. Mhudumu anaeleza, bila haraka, kwamba Sista amerudi na kasha muda si mrefu, na kabla hajavua kofia ya pikipiki akaitwa chumba cha kujifungulia, mama mmoja hali yake si ya kusubiri. Kasha akamwachia yeye. Amesema azipange, afunge mlango, asifungue tena mpaka yeye mwenyewe atoke.

"Fungua uzitoe," Barafu anasema. "Sasa hivi. Zirudishe kwenye kasha."

"Nimeambiwa nisifungue."

"Mimi ndiye nakwambia ufungue."

"Wewe ni fundi," mhudumu anasema kwa upole. "Yeye ni Sista."

Kwa haki, hoja hiyo haina jibu. Mhudumu huyu aliwahi kufungua friji hiyo ili aweke chupa yake ya maji, na aliyoambiwa siku hiyo na Sista anayakumbuka kwa moyo, pamoja na vituo vyake. Anakata simu ili akaendelee kuilinda.

Barafu anainuka na kuacha freeza likiwa wazi, vyuma vyake sakafuni. Anamwomba mama wa soda pikipiki. Mama wa soda anaanza kuuliza na freeza je, anamtazama usoni, anaacha swali njiani na kumrushia ufunguo.

Pikipiki ile hubeba kreti za soda na ina kreti tupu iliyofungwa nyuma moja kwa moja. Hivyo fundi anakwenda kuokoa kazi yake huku chupa tupu zikimpigia makofi kila kwenye shimo. Barabara kubwa imefungwa upande mmoja na watu wa lami. Mwenye bendera nyekundu anamsimamisha, na mbele yake lori linarudi nyuma taratibu, kwa heshima ya lori lisilo na mahali pa kwenda.

"Nilikuwa nahesabu kwa kichwa," anasema. "Maji yalikaa tangu saa ile. Dawa zimekaa kidogo tu. Lakini ile friji naijua, nimeitengeneza mimi. Inafanya kazi. Nikasema, Mungu wangu, leo naomba niwe fundi mbovu."

Bendera inageuzwa.

Zahanati imetulia kupita kiasi. Mbele ya friji amesimama mhudumu, fagio limelazwa mikononi kama bunduki ya gwaride. Barafu anamweleza. Anamweleza tena, kwa maneno mengine. Mhudumu anasikiliza mpaka mwisho, kisha anamwelekeza kwa kidevu kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Kama ni muhimu, aende akamwambie mwenyewe Sista.

Nyuma ya mlango ule mwanamke anaguna, na sauti ya Sista inamwambia bado, bado, asisukume. Hakuna mwanaume wa mtaa huu ambaye angegonga mlango ule akiwa na akili zake.

Barafu anatazama fagio, na mlango, na friji. Ndipo macho yake yanaposhuka kwenye plagi.

Mlango wa friji umekatazwa. Plagi hakuna aliyeitaja. Anainama na kuing'oa ukutani, na kompresa aliyoitibu kwa mikono yake inakohoa mara moja na kunyamaza.

Wanabaki wamesimama wawili, fundi na mhudumu, mbele ya friji isiyosema kitu.  Mhudumu anamtazama Barafu, anaitazama plagi mkononi mwake, na polepole uso wake unabadilika. Ameelewa. Anaweka fagio ukutani na kusogea karibu.

Anachomwambia anakisema kwa kunong'ona, na kwa nia njema kabisa. Umeme hukatika kila siku. Chomeka plagi, rudisha kitufe, barafu ya kikombe itayeyuka, na dawa ni zilezile, vichupa vilevile. "Nani atajua?"

Barafu hajifanyi kwamba alikataa papo hapo. "Nilifikiri. Kusema sikufikiri ni uongo. Nilifikiri mpaka nikaanza kuona jinsi ya kuliweka hilo neno la umeme mdomoni."

Mtoto analia. Kilio cha kwanza, chenye hasira, cha mtu aliyetolewa mahali pa joto bila kuombwa ruhusa. Muda mfupi baadaye mlango unafunguka na Sista anatoka akijifuta mikono, uso umelowa, karibu anatabasamu. Anamwona fundi. Anaona plagi.

"Sista," Barafu anasema, "nimeigandisha."

Tabasamu haliondoki kwa ghafla. Linaondoka kama maji yanavyoondoka kwenye beseni.

Sista hapigi kelele. Anafungua friji, anachukua kikombe cha kijani, anabonyeza ngozi ya barafu kwa kidole mpaka inapasuka. Anahamishia vichupa kwenye kasha, mstari kwa mstari, akitenga vile vya ukutani. Vipo vinavyovumilia kuganda, hivyo havimshughulishi. Vilivyobaki anavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga, na vyote vinafanana.

Kutoka kabatini anatoa kichupa cha zamani chenye alama nyekundu ya mkasi. Kiliwahi kuganda, naye amekihifadhi kwa kazi hii moja. Anakishika pamoja na kichupa kutoka mstari wa ukutani na kingine kutoka mstari wa mlangoni. Anavitikisa vyote vitatu kwa mkono mmoja, anavisimamisha mezani, na kuvuta kiti.

Dawa nzima, anaeleza bila kumtazama mtu, hubaki na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa. Iliyoganda hutulia haraka: unga unazama, juu panabaki maji maangavu. Hakuna njia nyingine ya kujua zaidi ya kukaa na kutazama.

Wanakaa, wanatazama. Barafu anasema hajawahi kutazama kitu hivyo, hata televisheni. Kichupa chenye alama kinaanza kuwa maji maangavu juu, kama kinavyotakiwa. Kile cha mlangoni kina ukungu uleule, kimetulia na ukungu wake. Cha ukutani kina ukungu. Bado kina ukungu. Mhudumu anaanza kupumua.

Kisha shingoni mwa kichupa cha ukutani unatokea mstari mwembamba wa maji, na chini yake unga unaanza kushuka, ukilingana hatua na kile chenye alama kama wawili walioshikana mikono.

"Hizi zimekufa," Sista anasema. Anakiokota kichupa na kukigeuza. "Sura ileile, karatasi ileile. Kesho ningezichoma kwenye mapaja ya watoto na kuwaambia mama zao, sasa mwanao yuko salama. Na wangenishukuru."

Mstari wote wa ukutani ukajaribiwa, na wote ukatupwa. Mistari iliyofuata mbele yake ikapona. Zilizobaki zingewatosha watoto wengi wa kesho, wala si wote.

Barafu alirudisha kitufe mbele ya macho ya Sista, mpaka kipimajoto kikasema inavyotakiwa. Alisubiri kufokewa. Alikuwa amejiandaa, hata kofia alikuwa ameivua. Sista alimwambia sentensi moja: "Kesho uwe hapa asubuhi, na watakaokosa utawaambia wewe."

Asubuhi ilifuata. Mabenchi yalijaa, kelele zikajaa, na fundi alisimama karibu na mlango akiwa amevaa shati lake la arusi za watu, hana bisibisi, hajui mikono aiweke wapi. Kila mtoto aliyetoka akilia alimpunguzia Barafu foleni na kumwongezea hofu kwamba dawa zinaisha. Aliutazama mstari na kuombea uwe mfupi, kama anayetazama sufuria ya chakula cha bweni akiwa wa mwisho kwenye foleni.

Kisha Sista akatoka mlangoni na kumwonyesha kasha tupu.

Barafu akawasogelea waliobaki. Akawaambia kwamba dawa za leo zimekwisha, na zimekwisha kwa sababu yake. Akaeleza friji, kitufe, kikombe. Wengine walisonya. Mmoja, aliyekuja kwa miguu, mtoto amelala begani, alimsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

"Kwa hiyo mwanangu amekosa kwa sababu friji yako imefanya kazi vizuri sana?"

"Ndiyo, mama."

"Hongera," akasema mwanamke yule, akafunga mtoto wake vizuri na kuanza safari ya kurudi. Barafu anasema katika maisha yake hajawahi kutukanwa hivyo.

Mwisho kabisa wa benchi walikuwa wamekaa binti yake wa kwanza, mjukuu wake wa kwanza, na mama mkwe wake. Walikuwa wamechelewa. Mama mkwe alikuwa hajaridhika na namna mtoto alivyoogeshwa, ikabidi aogeshwe upya. Hakuna aliyemwambia Barafu kwamba wangekuja leo. Mambo ya kliniki nyumbani kwao ni ya wanawake.

Mtoto alikuwa macho, amevaa kofia ya sufu juani, anamtazama babu yake kwa udadisi.

Barafu akarudia maneno yaleyale, yote, bila kupunguza. Mama mkwe aliyasikiliza huku amenyamaza, na kila anayemfahamu atakiri kwamba hilo ndilo lililotisha kuliko yote.

"Lini sasa, baba?" binti akauliza.

"Zikifika. Wiki ijayo, Sista anasema. Kasha nitalibeba mimi."

"Usilibebe," mama mkwe akasema, akiinuka. "Wewe tutafutie kipimajoto."

Amekitafuta. Kinakaa mfuko wa shati, mahali palipokuwa pa kalamu, na wateja wameanza kulalamika. Zamani alikuja, akakaza, akaondoka. Siku hizi kabla ya kufungua skrubu moja anauliza baridi ni ya nini, inakaa wapi, na nani atakula au kunywa au kuchomwa kitakachotoka humo. Mama wa soda amemwambia anaongea kama daktari ila freeza lake ni lilelile. Hata hivyo pikipiki ilirudi na mafuta zaidi ya yale iliyoondoka nayo.

Anachotaka sasa ni kitu kimoja: apewe friji ile ya zahanati aiangalie daima, si kwa kuitwa ikizima, bali ikiwa nzima. Amemwomba Sista amfundishe dawa moja moja na baridi yake. Sista hajasema ndiyo. Pia hajasema hapana, na kwa Sista hilo liko jirani kabisa na kukumbatiwa. Ameruhusu jambo moja tu, kikombe cha kijani kirudi ndani, pembeni ya kipimajoto, wiki nzima kabla ya chanjo kufika.

Chanjo zinafika kesho. Barafu yuko kwa muuza nyama, nusu yake ya juu haionekani, simu inapolia mfukoni mwa nusu ya chini. Anajipapasa, anaipata, anaipeleka kisimani.

"Fundi," anasema mhudumu wa zahanati, "nimeangalia sasa hivi. Ni maji matupu."

Muuza nyama anamsikia akivuta pumzi huko nyuma. Wateja wa zamani wanayajua maneno yanayofuata hapo, na muuza nyama ameshaanza kuyasema kimoyomoyo kwa niaba yake.

"Ahsante, dada," Barafu anasema. "Endelea kuangalia."